Mashine ya A3 ya kuvuta plastiki: inaweza kutoa Catalina ya skeli 1:32?

Mashine hii hupasha moto shiti ya plastiki hadi ilegee, kisha huifyonza kwa hewa ijilaze juu ya kalibu, yaani umbo la kuigwa. Catalina ni ndege ya vita inayotua majini. Kwa mwenye haraka: inaweza, ila si kwa jinsi inavyotoka kwenye boksi. Maboya, nyumba za injini na vioo inavitoa vizuri tangu siku ya kwanza. Bodi inaitoa baada ya kubadilishiwa mfumo wa kuvuta hewa na kutulizwa moto wa katikati. Bawa lisipite kwenye mashine hii kabisa, na sababu tutazitaja. Zile shiti kumi za bure zilizomo ndani ya boksi wape watoto wa shule wakatie maumbo.

Mashine yenyewe ni ile ya mezani inayoletwa kutoka China kwa majina yanayobadilika kila kontena, mwili ukiwa ule ule: boksi la bati jeupe, hita ya mirija minne ya kwatsi juu, fremu mbili za chuma zenye vibanio katikati, meza ya matundu chini, na feni ya kufyonza hewa tumboni. Inatumia umeme wa 220 V, wati 1,600. Nafasi halisi ya kuvutia, ukishaondoa ukingo unaobanwa, ni mm 390 kwa 270. Dar es Salaam inapatikana kwa oda, na mtu wa Mtwara au Lindi anaipokea stendi kama mzigo wa basi. Sisitiza ifungwe kwenye kreti ya mbao. Mirija ya kwatsi haivumilii safari ndefu ya kugongana na magunia kwenye buti, na muuzaji atakuambia ilitoka kwake ikiwa nzima.

Tumeipima kwa Catalina kwa sababu ndege hii inaidai mashine kila kitu kwa pamoja: bodi ndefu yenye tumbo la mashua, vioo vilivyovimba ubavuni, maboya ya ncha za mabawa, nyumba mbili za injini. Halafu ni ndege ya pwani yetu. Kikosi cha 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilirusha Catalina kutoka Kipevu, Mombasa, kisha kikahamia Dar es Salaam. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za kikosi hicho na za kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagascar. Na kabla ya vita Lindi ilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways kwenye njia ya kwenda Durban. Hizo zilikuwa za Short, za abiria na barua, kwa hiyo asije mtu akaipaka Catalina rangi zake akasema ndiyo ya Lindi.

Vipimo vya kuandika ukutani kabla ya kugusa kitu: ndege halisi ina mabawa ya m 31.70 na urefu wa m 19.46. Kwa 1:32 hiyo ni mm 991 na mm 608. Panga la futi 12 linakuwa mm 114 kwa kipenyo. Injini ya Pratt & Whitney R-1830, ambayo ni m 1.22 kwa upana, inakuwa mm 38. Ukichapa ramani stationari, pima kwa rula hapo hapo kaunta, maana mashine zao zina mazoea ya kuipunguza picha ili ienee karatasi, na asilimia tatu tu zinakula mm 30 za bawa. Mwambie mchapaji aiweke kwenye asilimia 100.5. Hiyo nusu ya ziada ni ya kufidia plastiki inayonywea ikipoa: polistirini hupungua kati ya asilimia 0.3 na 0.6, na kwenye bodi ya mm 608 hiyo ni takriban mm 3, inatosha kufanya vioo vya rubani vikatae kukaa.

Wanaouliza kuhusu 1:24: bawa linafika m 1.32 na bodi mm 811. Kwa fremu hii ni bodi ya vipande sita. Achana nayo.

MOTO

Hita ina tabia moja mbaya: katikati inaunguza, pembeni inapapasa. Lenga kipimajoto cha mionzi kwenye shiti ya polistirini ya mm 1.5 baada ya sekunde 80, utasoma nyuzi 175 hivi katikati na 140 kwenye kona. Polistirini huvutika vizuri kati ya 150 na 180. Kona ya 140 haikatai, inatii nusu nusu: ncha ya omo (mbele ya bodi) inatoka butu, na ule ukingo mkali unaotenganisha ubavu na tumbo la mashua unageuka kuwa mviringo. Ukiongeza muda ili kona ziive, katikati inalegea mno, inagusa kalibu kabla ya wakati na kuacha michirizi ya baridi isiyotoka hata kwa msasa.

Dawa ni ya bei rahisi. Kata wavu wa chuma wa dirishani, sm 15 kwa 10, uuning'inize kwa waya sm 2 chini ya mirija, katikati kabisa. Kisha bandika foili ya jikoni kwenye kuta za ndani za boksi la hita. Tofauti ya katikati na kona inashuka hadi nyuzi 10 au 15, na hapo unaweza kufanya kazi. Wavu wa nailoni usiuweke hata kwa kujaribu.

Kitabu cha maelekezo kina jedwali la sekunde. Lisome kisha ulifunge. Jedwali linadhani umeme ni 220 V saa zote, na nguvu ya hita hufuata mraba wa volti: ukishuka hadi 190 V jioni watu wanapowasha majiko na feni, wati 1,600 zinakuwa kama 1,190. Shiti iliyoiva kwa sekunde 80 asubuhi itataka karibu sekunde 110 saa moja usiku. Kwa hiyo angalia shiti yenyewe, inasema. Kwanza inavimba mawimbi, na wageni wengi huvuta hapo wakidhani imeiva. Mawimbi yanapotea, shiti inajikaza tena kama ngoma. Baada ya hapo inaanza kulegea sawasawa. Kwa fremu hii, ulegeo wa mm 15 hadi 20 katikati ndio wakati wa kushusha. Mm 30 umechelewa.

Kuna na upepo. Kusi kikivuma, dirisha la upande wa bahari likiwa wazi, upande mmoja wa shiti hupoa na ulegeo unakwenda mshazari. Funga dirisha unapovuta, fungua unapogundisha. Wengi hufanya kinyume.

Kwa jenereta ndogo au inveta ya kVA 1 mashine hii haifanyi kazi. Inakula karibu ampea 7.3, na waya wa ekstensheni uwe wa mm 2.5, ile myembamba ya kuchajia simu inachemka.

HEWA

Hapa ndipo mtengenezaji amebania pesa. Feni ya ndani ni ndugu yake mashine ya kufyonza vumbi: inavuta hewa nyingi lakini haina nguvu. Geji inasoma kama 18 kPa (kilopaskali, kipimo cha msukumo wa hewa) chini ya hewa ya nje, basi. Kwenye eneo la mm 390 kwa 270 hiyo ni sawa na kuilalia shiti kwa uzito wa kilo 190 hivi. Inatosha kwa boya. Haitoshi kuisukuma plastiki ya mm 1.5 iingie kwenye ngazi ya tumbo la Catalina, pale mkuku (uti wa chini wa mashua) unapokatika ghafla ili maji yaachie bodi wakati wa kuruka. Ngazi ile ikitoka mviringo, modeli nzima inaonekana kama boga.

Suluhisho ni pampu ya fundi friji na tangi. Mafundi friji wa mjini wana pampu za kunyonya hewa kabla ya kujaza gesi, na hata kompresa nzuri iliyotolewa kwenye friji bovu inavuta hadi 85 kPa ukiipa muda. Neno ni hilo la muda: pampu hizi zinavuta polepole, na shiti iliyoiva inakupa sekunde mbili tatu tu. Kwa hiyo pampu inamaliza kazi yake mapema kwenye tangi la lita 50, na wewe unafungua valvu ya robo mzunguko ya inchi moja. Hesabu yake: tangi lililobaki na 16 kPa likikutana na lita 5 za hewa zilizo chini ya shiti, jumla inatulia kwenye 24 kPa. Mvuto uliobaki ni 77 kPa, zaidi ya mara nne ya feni.

Tangi liwe la kompresa ya hewa iliyostaafu. Mtungi wa gesi ya kupikia usikatwe wala kutobolewa, hata ukiambiwa umekaa mtupu mwaka mzima.

Nguvu hiyo ina gharama yake. Kilo 190 zinakuwa zaidi ya 800, na meza ya bati ya mashine hii inabonyea katikati kama mm 3. Kipande kinatoka na mgongo uliopinda na unailaumu kalibu bure. Weka chini ya meza plaiwudi ya mm 18 yenye mifereji ya kupitishia hewa, ikalie vigingi vitano vya mbao, vinne pembeni na kimoja katikati. Kisha ziba mlango wa feni ya zamani kwa mpira na silikoni.

Jambo moja la kufurahia: hapa tuko usawa wa bahari, na anayesukuma shiti ni hewa ya nje. Mtwara una 101 kPa kamili za kutumia. Fundi mwenye pampu ile ile Arusha, kwenye m 1,400, ana kama 86 tu.

KALIBU

Mashine nzuri juu ya kalibu mbaya inatoa kipande kibaya kwa uaminifu mkubwa. Wanaonunua mashine hii na kuuza baada ya mwezi, wengi shida yao iko hapa.

Bodi ya 1:32 haienei kwenye mm 390, kwa hiyo kila ubavu unakatwa vipande viwili, na pa kukatia ni kwenye ngazi kuu ya tumbo, chini ya bawa. Hapo ndege halisi nayo ina mstari wa kukatika, na kiungo kinajificha nusu chenyewe. Unapata kalibu nne: omo kushoto na kulia, tezi (nyuma) kushoto na kulia, mkia wa wima ukiwa umeungana na tezi. Kina cha nusu bodi hakizidi sm 5, kwa hiyo tabaka tatu za MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya mm 18 zilizogundishwa kwa gundi ya mbao zinatosha. MDF ikifunguliwa kingo hunywa unyevu, na masika ya huku hairuhusu mzaha: ipake sanding sila pande zote, pamoja na chini isikoonekana, la sivyo itavimba na nusu mbili hazitakutana.

Ukimpa mchongaji kazi, na Mtwara haina uhaba wa wachongaji wa Kimakonde wenye jicho kali kuliko rula, usimwambie akuchongee ndege. Atakuchongea ndege, nzuri, na si hii. Mpelekee templeti za kadibodi ngumu zinazoonyesha umbo la bodi kila mm 50, yaani kumi na mbili kwa urefu wote, zenye namba, na mstari wa katikati uliochorwa kwenye ubao kabla tezo haijagusa. Templeti zipunguzwe mm 1 kwa ndani kote. Shiti ya mm 1.5 ikishavutwa inabaki kama mm 1 juu ya bodi, na unene huo unakwenda nje ya kalibu. Asiyepunguza anapata ndege iliyonenepa mm 2 kwa upana, na vioo vyote vilivyotengenezwa kwa ramani vinakuwa vidogo.

Halafu mambo matatu ambayo hayana mjadala. Kuta zilizosimama wima zipewe mlalo wa nyuzi 3 hadi 5, vinginevyo plastiki ikinywea inaikumbatia kalibu na hutaitoa bila kuivunja. Pasiwe na pembe inayorudi ndani. Na popote palipo na kona ya kuingia, hasa kwenye ngazi na chini ya ule ukingo wa ubavu, toboa matundu ya mm 0.8 kila sm 1 hadi upande wa chini wa kalibu. Hewa iliyonaswa haina pa kwenda, inabaki ndani kama uvimbe. Tundu la mm 1.5 linaacha chunusi juu ya plastiki, kwa hiyo usiongeze ukubwa, ongeza idadi.

Kalibu isilale moja kwa moja mezani. Ipandishe kwenye kiti cha plaiwudi cha mm 6 chenye umbo lile lile. Plastiki huacha mviringo pale inapokutana na meza, na mviringo huo uishie kwenye kiti, usile mm ya bodi. Kalibu mbili ndogo zikivutwa pamoja, maboya kwa mfano, ziachane angalau mara moja na nusu ya kimo chake. Zikikaribiana, katikati yake plastiki inajikunja na kusimama ukuta, na ukuta huo unapanda hadi juu ya boya.

Poda ya watoto kidogo tu, ipanguswe. Baada ya kuvuta hesabu sekunde 30 hadi 40, toa kipande kikiwa bado na uvuguvugu. Kikipoa kabisa juu ya kalibu ya tezi, ule mkia wa wima ndio wa kwanza kupasuka.

SHITI

Zile za kwenye boksi ni za mm 0.5. Eneo likiongezeka mara mbili wakati wa kuvuta, unene wa wastani unabaki nusu: mm 0.25 kwenye bodi ya ndege, ukiibonyeza kwa kidole inaitika. Nunua polistirini ya mm 1.5 kwa bodi, mm 1 kwa maboya na nyumba za injini, na mm 0.75 kwa bawa. Wauzaji wa vifaa vya mabango wanazo kwa shiti nzima ya mm 1,220 kwa 2,440. Ikatwe vizuri inatoa vipande 22 vya A3: safu tano za vipande vinne, na utepe uliobaki unatoa viwili kwa kulala. Muuzaji atakukatia 20 na kubaki na utepe, kwa hiyo nenda na mchoro.

Vipande vinavyovutwa kwa ndege nzima, vikitoka sawa mara ya kwanza, ni bodi 4, nguzo ya bawa 2, nyumba za injini 4, makava ya injini 2, mabawa ya mkia 4, maboya 4. Vidogo vinavutwa kwa makundi, basi A3 kumi na mbili zinatosha kwa hesabu. Kwa uhalisia weka 22 yote.

Ile plastiki nyeupe ya povu wanayoiita foreksi ni PVC. Kwa mataruma (mbavu) ya ndani ni nzuri mno, nyepesi na inakatika kwa kisu. Kwenye hita isikaribie, ikiungua inatoa gesi ya asidi inayokula mapafu na mirija ya mashine pia.

KUKATA NA KUUNGA

Kabla hujakitoa kipande kwenye ukingo wake, laza penseli juu ya kibao na uizungushe kuzunguka bodi yote. Kiti ni mm 6, ukingo umelala na unene wake wa mm 1.5, kwa hiyo ncha ya penseli iwe mm 4.5 juu ya ukingo. Wanaosahau kutoa unene huo ndio wanaopata bodi yenye nusu mbili zisizojaza mduara. Pitisha kisu mara mbili kwa wepesi, mm 1 chini ya mstari, kikiwa kimelazwa nyuzi 45. Usikate hadi upande wa pili. Pinda, itakatika yenyewe.

Iliyobaki ni msasa. Gundisha karatasi ya namba 120 juu ya kioo cha meza, mwagia maji, na usugue nusu bodi kwa mwendo wa nane, ukiishika kwa vishikio viwili vya selotepu nene vilivyobandikwa juu. Ukishika kwa vidole pembeni, omo na tezi zinaliwa haraka kuliko katikati. Kila baada ya mizunguko kumi, geuza na uangalie mstari wa penseli. Sehemu moja itaanza kufifia kabla ya nyingine. Hapo bonyeza upande wenye mstari mzito. Mstari ukibaki nusu ya unene wake kote, acha. Plastiki iliyokwisha huwezi kuirudisha, na puti haijengi ubavu.

Ndani weka mataruma ya foreksi au polistirini ya mm 2 kila mm 50, kisha ndimi za masalia, mm 10 kwa 15, kila mm 30, moja ubavu huu na inayofuata ubavu ule. Fundi wa majahazi wa Mikindani ataona kazi anayoijua.

Kugundisha, thina ya rangi za magari inayeyusha polistirini na kuunga kama kulehemu. Tone moja kwa brashi ya namba 0, iingie yenyewe kwenye mwanya. Ikimwagika juu ya ubavu wa mm 1, usipanguse, iache ikauke kisha piga msasa. Kitambaa kinaivuta plastiki kama ugali. Puti ya bodi za magari nayo ina stirini, inayochimba plastiki nyembamba, kwa hiyo ni tabaka jembamba, subiri, tabaka jingine. Puti nene inachemka inapokauka, na bodi inatoka na bonde upande wa pili.

BAWA LISIVUTWE

Bawa la Catalina ni refu, tambarare kwa urefu, na limepinda kwa mwelekeo mmoja tu. Umbo la namna hiyo halihitaji mashine. Ukilivuta kwa A3 unapata vipande sita na viungo vinne vinavyokatiza bawa, kila kimoja na wimbi lake, na mwanga wa dirishani utavionyesha vyote.

Tengeneza mbavu za mm 2 kila mm 25, zivike kwenye bomba mbili za alumini, mm 8 mbele na mm 6 nyuma, kisha funika kwa shiti bapa ya mm 0.75 iliyokunjwa kwenye ukingo wa mbele. Ukunjaji: fungia shiti kwa selotepu kwenye bomba la maji la mm 20, mwagia maji yanayochemka, iache ipoe ikiwa imefungwa. Kwa ndege halisi sehemu ya nyuma ya bawa ilifunikwa kitambaa, kwa hiyo huko nyuma tia tepu nyembamba juu ya kila ubavu kabla ya rangi. Inatosha kuonyesha kitambaa kilichokaa juu ya mbavu.

Ngozi peke yake ina gramu kama 200, na ukiweka mbavu, bomba na injini unakaribia nusu kilo iliyokaa juu ya nguzo moja nyembamba. Nguzo ya plastiki iliyovutwa ni pambo. Mzigo ubebwe na bomba mbili za alumini zinazoshuka ndani yake hadi kwenye mataruma mawili yaliyogundishwa kwa epoksi, na zile fimbo nne za pembeni ziwe za shaba nyeupe au spoku ya baiskeli. Maboya amua mapema: yameshuka, au yamepanda na kuwa ncha za bawa. Kuyafanya yakunjuke kwa skeli hii ni kujitafutia maradhi.

VIOO

Hapa mashine inajilipia. Vile vioo vya ubavuni vilivyovimba kama macho ya kinyonga ndivyo vinavyoitambulisha Catalina, na hakuna njia nyingine ya maana ya kuvipata. Tumia PETG, plastiki angavu, ya mm 1, ambayo huvutika kati ya nyuzi 120 na 160, chini ya polistirini. Hapa rudisha ile feni dhaifu au fungua valvu nusu tu. Mvuto wa 77 kPa unaichora PETG kila nywele iliyo juu ya kalibu.

Na kalibu ya kioo isiwe ya MDF wala mninga. Mistari ya nyuzi za mbao inahamia kwenye plastiki, na ukishaona mistari ile huwezi kuacha kuiona. Tumia mpingo. Ni mzito, nyuzi zake zimebana, na ukipigwa msasa hadi namba 2000 kisha ukasuguliwa kwa dawa ya kung'arishia magari unakuwa kama kioo. Kipande kinachoenea kiganjani kinatosha, na wachongaji wanayo masalia ya ukubwa huo chini ya benchi. Hakuna haja ya kutafuta gogo na vibali. Upe mapumziko ya dakika tano kati ya mvuto na mvuto, mpingo ukipashwa mfululizo hupasuka kwa urefu.

PETG iliyokaa wazi msimu wa mvua hutoa mapovu madogo ikipashwa kupita kiasi. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa nne, kisha ivute siku hiyo hiyo. Vuta vioo sita, chagua viwili.

VIPURI

Mrija wa kwatsi ukikatika, mtengenezaji hauzi mmoja, anauza hita nzima. Pima urefu na wati zake, kisha tafuta kwa wauza vipuri vya hita za kwatsi za nyumbani. Mrija wa wati 400 wa urefu huo huo unaingia bila kubadilisha chochote. Vibanio vya fremu vina springi laini na vinaanza kuachia shiti ya mm 1.5 mapema sana. Vifungie klampu za G nne za inchi 2 pembeni na uzoee kuzifunga ukiwa umevaa glavu. Mpira wa kuzunguka meza ni sponji ya kawaida; ule wa silikoni wa milango ya oveni unadumu zaidi.

Anayetaka vioo na maboya tu asinunue mashine hii. Mashine ndogo ya mafundi wa meno, ile ya shiti za mm 127, ni rahisi kubeba, inavuta kwa nguvu zaidi ya feni yetu, na shiti zake safi zinauzwa tayari kuanzia mm 0.5 hadi 2.